Mregho, Katekisimo na Semina: Somo la Kunena Old Moshi

Mzee wa Kichagga aliyepewa kazi ya kufunda vijana alikuwa na kitendea kazi kimoja mkononi, nacho ni fimbo. Haikuwa ya kuchapia wala ya kutembelea. Ilikuwa imechongwa alama, pete na mistari na vipengo, na iliitwa mregho. Mfunzi aligusa alama moja, akaimba somo lake, kijana akaitikia na kulirudia, kisha kidole kikasogea kwenye alama ya pili. Humo mlikuwa na mafundisho ya namna mtoto anavyoumbika tumboni mwezi hadi mwezi, ya viungo vya mwili na kazi zake, ya heshima anayostahili mzazi na ya mwenendo unaompasa mtu mzima. Kijana hakuandika neno. Alichoondoka nacho ni kile alichoweza kukitamka mwenyewe, kwa mpangilio wake, bila kuruka alama.

Kwa lugha ya walimu wa leo, mregho ulikuwa zana ya kufundishia. Tena ulikuwa zana ya elimu ya juu, kwa sababu hakupewa mtoto mdogo. Ulikuja baada ya tohara na baada ya ngasi, kambi ya vijana wa kiume iliyowekwa msituni, wakati kijana anakaribia kuoa na kujitegemea. Wasichana walikuwa na mafunzo yao, shija, yaliyofanyika migombani chini ya wanawake wazima.

Habari hizi zinastahili kutazamwa upya sasa, wakati vyuo vya dini katika miteremko ya Kilimanjaro na jirani zake vina wanafunzi wanaotakiwa kusimama na kunena kitaaluma: kuwasilisha mada kwenye semina, kutetea tasnifu, kuhubiri mbele ya wakufunzi wenye kalamu mkononi. Wataalamu wa elimu wanazungumzia zana zinazozingatia utamaduni wa mwanafunzi. Nchini Marekani wazo hilo lilipata sura yake katika miaka ya 1990 kupitia maandishi ya Gloria Ladson-Billings, na mwaka 2000 kupitia kitabu cha Geneva Gay, wote wawili wakiwaza juu ya watoto weusi na shule zisizowatambua. Lakini Old Moshi ilikwisha kulishughulikia jambo hilo kwa vitendo kabla na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na malumbano yaliyotokea yalikuwa makali.

Old Moshi yenyewe iko juu ya mji unaoitwa Moshi leo, kwenye vihamba vya migomba na kahawa vya Kidia, Tsudunyi na vijiji vingine vya mteremkoni. Mji uliteremka tambarare kuifuata reli, iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911. Kabla ya hapo, Moshi ilikuwa huku juu, na huku juu ndiko alikotawala Mangi Rindi, ambaye wageni wa Kizungu walimwita Mandara. Misafara ya pwani ilipita kwake, Charles New alifika kwake mwaka 1871, na Harry Johnston alikaa katika himaya yake mwaka 1884. Rindi aliongea nao Kiswahili. Jambo hili litakuwa na uzito mbele ya safari, maana wako waliokuja kudai baadaye kwamba Kiswahili ni kitu kigeni mlimani.

Katika nchi ya Rindi, kunena kulikuwa kazi ya mtu mzima. Mashauri ya ardhi, mifugo, mahari na matusi yalisikilizwa hadharani, kwenye kiwanja cha majani, wazee wakiwa wamekaa na pombe ya mbege ikisubiri mwisho wa shauri. Aliyekosa na kutaka kusamehewa alipeleka jani la isale, na jani hilo lilimlazimu mpokeaji asikilize. Kijana aliyehudhuria mashauri hayo alijifunza mambo ambayo mregho haukuwa nayo: nani aanze, nani asikatizwe, namna ya kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima, na wakati wa kunyamaza. Hapakuwa na mtu aliyeliita somo. Lakini mwenye kushindwa kulimudu alipoteza shamba.

Wamisionari wa kwanza kukaa Old Moshi walikuwa Waingereza wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana. Askofu James Hannington alifika kwa Rindi mwaka 1885, na kituo kikaanzishwa mwaka huohuo. Walifundisha wavulana wachache kusoma. Rindi alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akamrithi, na mwaka 1892 vijana wa Meli wakakipiga kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, von Bülow. Waingereza walitakiwa waondoke, nao wakahamia Taveta. Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893 wakaivunja Old Moshi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na wenzake kumi na wanane. Shule na kanisa la Old Moshi vilikua chini ya kivuli cha tukio hilo, na haifai kuvisimulia kana kwamba vilipandwa kwenye uwanja wa amani.

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, ilianza Machame mwaka 1893, ikaingia Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Zana yao kuu ilikuwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Kila aliyepita kipaimara katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) anaifahamu ilivyo: amri, kisha swali, kisha jibu, ungamo, kisha swali, kisha jibu. Mwanafunzi anasimama, anaulizwa, anajibu kwa moyo.

Ukiitazama vizuri, Katekisimo na mregho vinafanana kuliko ambavyo wamisionari wengi wangependa kukiri. Vyote viwili vilitengenezwa kwa ajili ya mdomo na sikio. Vyote viwili vilikata elimu kubwa vipande vidogo vyenye mpangilio usiobadilika, vikamtaka mwanafunzi aviseme mbele ya mkubwa anayejua kama ameruka kipande. Luther aliiandika Katekisimo Ndogo ili baba awafundishe watu wa nyumba yake, wengi wao wasiojua kusoma. Ndiyo maana mafundisho hayo yalishika upesi mlimani. Mchagga wa mwaka 1900 hakuhitaji kufundishwa namna ya kujifunza kwa kuitikia. Alikuwa anajua tangu utotoni.

Aliyeliona jambo hili na kulifanyia kazi ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig. Alizaliwa Dresden mwaka 1876, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1910 kituo chake kikawa Old Moshi. Waingereza waliwaondoa Wajerumani mwaka 1920 baada ya vita, naye akaondoka; akarudi katikati ya muongo huo na kukaa mpaka mwaka 1938. Alisikiliza kwa miaka mingi na kuandika kwa wingi wa kushangaza. Kitabu chake cha sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Mafundisho ya mregho aliyachapisha kwa sura ya makala mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kisha ikaja kazi yake kubwa, Die Stammeslehren der Dschagga, juzuu tatu zilizotoka München miaka ya 1932, 1935 na 1938, zenye hotuba na nyimbo za mafundisho zikiwa kwa Kichagga pamoja na Kijerumani chake. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimtunuku shahada za heshima.

Wakati anaandika, desturi zenyewe zilikuwa zinazimika. Ngasi hazikuwekwa tena kama zamani. Utawala wa kikoloni, shule, kazi za mashamba na kanisa lenyewe vilikuwa vimezila. Gutmann alikuwa anachota kutoka kwenye kumbukumbu za wazee waliokuwa wamefundwa, na walioketi naye wakamtamkia masomo hayo kifungu kwa kifungu ndio waandishi wa kweli wa juzuu zile. Mtu anayesema kwamba Gutmann aliokoa mafundisho ya Wachagga amesema nusu. Waliyaokoa wazee wa Old Moshi kwa kuyakumbuka, na Gutmann kwa kuwa na subira ya kuwasikiliza.

Kinachomtofautisha na wataalamu wengi wa mila ni kwamba hakuyaandika ili yakae kwenye maktaba tu. Aliyapeleka darasani. Aliamini kwamba mtu hufikiwa na Injili akiwa ndani ya mafungamano aliyozaliwa nayo: ukoo, ujirani na rika. Basi akaupanga usharika wa Old Moshi kwa ujirani, kila mtaa na wazee wake. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo vya wawili au watatu, akaviita kwa jina la Kijerumani lenye maana ya udugu wa ngao, kwa kufuata namna vijana wa rika moja walivyofungamana kambini. Walijifunza pamoja, walisaidiana, na siku ya kipaimara walisimama pamoja wakiahidi kuchukuliana mizigo. Kijana mwoga wa kusema hakuachwa peke yake mbele ya usharika.

Hapa ndipo Old Moshi inapowazidi wengi wanaoandika leo kuhusu zana zinazozingatia utamaduni. Kubadili mifano kwenye kitabu ni rahisi. Mwandishi anaondoa tofaa anaweka ndizi, anaondoa London anaweka Moshi, na somo linabaki lilelile. Gutmann alibadili nani anakaa na nani, nani anamsikiliza nani, na mtu anawajibika kwa nani kwa neno alilosema. Alikwenda kwenye mfumo wa kunena wenyewe.

Hakuwa peke yake Tanganyika. Kusini, Masasi, padre Mwanglikana Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alikuwa ameingiza jando ndani ya mwaka wa kanisa, kwa sala na mafundisho ya Kikristo, huku sehemu nyingine za desturi zikibaki zilivyo. Lucas alibatiza jando zima kama sherehe. Gutmann aliliacha jando lenyewe lipite, akachukua namna yake ya kufundisha.

Lakini Gutmann alikosea mahali pakubwa, na vijana wa Old Moshi walimwonyesha mapema.

Alitaka Kichagga kiwe lugha ya kanisa, shule na fikra, na alikitazama Kiswahili kwa mashaka makubwa. Aliona kinamng'oa Mchagga kwenye ukoo wake na kumtupa kwenye ulimwengu wa miji, fedha na serikali. Kwa ajili ya Kichagga alifanya kazi kubwa, ikiwa ni pamoja na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kimochi, Kichagga cha Old Moshi. Ila nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kuchagua njia nyingine. Rindi alikuwa amenena Kiswahili na wageni wake kabla Gutmann hajajifunza kusoma. Joseph Merinyo, aliyesoma katika shule ya misheni ya Old Moshi, alikuwa mmoja wa viongozi walioanzisha chama cha wakulima wazalendo wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, mwaka 1925. Watu wa namna yake walikuwa na mashauri ya kusema Moshi mjini, Arusha, Tanga na Dar es Salaam, mbele ya ofisa wa Kiingereza na mnunuzi wa Kihindi. Walihitaji Kiswahili, na walikitaka Kiingereza. Kumwambia mtu kama huyo abaki na lugha ya kihamba chake, hata kwa upendo, ni kumnyima ukumbi anakoamuliwa bei ya kahawa yake.

Kuna jambo la pili. Mafundisho ya mregho yalikuwa ya wanaume, na sehemu yake ilikuwa siri iliyolindwa isiwafikie wanawake. Mwalimu anayetaka kutumia urithi huo katika darasa la leo, lenye wasichana na wavulana, hawezi kuuchukua mzigo wote kama ulivyofungwa. Kanisa lenyewe limesogea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na kwenye mimbari za Kilimanjaro leo zinasikika sauti ambazo mfunzi wa mregho asingezitazamia.

Wakati Gutmann anapanga vikundi vya kipaimara Old Moshi, mambo mengine yalikuwa yanatokea upande wa mashariki. Mwaka 1912 Misheni ya Leipzig ilifungua chuo cha ualimu Marangu. Vijana walitoka Uchagga wote, na pia Upareni, Arusha na Meru. Kichagga cha Old Moshi kisingeweza kuwaunganisha. Hata ndani ya Kilimanjaro, mtu wa Rombo na mtu wa Machame wanaweza kusalimiana kwa Kichagga na kulazimika kumalizia mazungumzo kwa Kiswahili. Marangu ikawa mahali pa Kiswahili.

Miongoni mwa walimu waliotumika Marangu alikuwa Filipo Njau, mmoja wa wasomi wa kwanza wa Kilutheri mlimani. Mwanawe, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alikuwa mchoraji, na mwaka 1959 alichora kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakitendeka katika milima na vijiji vya Wakikuyu, mbele ya nyuso za Kiafrika. Ni mafundisho ya dini yaliyovikwa nchi ya msikilizaji, na yamechorwa na mtoto wa mwalimu wa Marangu. Alifundisha Marangu pia Otto Raum, mtoto wa mmisionari Johannes Raum aliyeandika sarufi ya Kichagga cha Moshi mwaka 1909. Otto Raum alichapisha mwaka 1940 kitabu cha Kiingereza kuhusu malezi ya mtoto wa Kichagga, na humo alieleza kwa kina vitendawili, michezo, ngano na mafunzo ya jando kama elimu kamili yenye walimu wake, mitaala yake na mitihani yake. Kwa wakati ule, kuandika hivyo kulihitaji moyo. Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaandika kana kwamba elimu Afrika ilianza siku meli ya wamisionari ilipotia nanga.

Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wazalendo wa kanisa la Kilutheri la kaskazini walibarikiwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliwekwa kizuizini, na hao wazalendo pamoja na wamisionari Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakalishika kanisa. Hitaji la chuo cha theolojia likawa dhahiri. Mafunzo yalianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, na mwaka 1954 yakahamia Makumira, karibu na Usa River, barabara ya Moshi kwenda Arusha. Mwaka uliofuata, Novemba 1955, Walutheri kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikutana Marangu kuzungumzia kanisa lao na bara lao. Stefano Moshi wa Mamba, mwalimu aliyekuja kuwa mchungaji, aliongoza kanisa la kaskazini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT mwaka 1963, akawa mkuu wake wa kwanza.

Makumira ndipo uzi ulipokatika. Watu wengi husema kwamba kanisa liliua namna za kale za kunena. Ushahidi wa Old Moshi hausemi hivyo. Kwenye usharika, mdomo uliendelea kutawala: Katekisimo ilijibiwa kwa moyo, wazee wa mtaa walisuluhisha kwa maneno na isale, wainjilisti waliosoma miaka michache walihubiri wakakubalika na watu wote. Mlango uliofungwa ni mlango wa chuo. Huko juu, kadiri masomo yalivyopanda kutoka cheti kwenda stashahada na shahada, elimu iligeuka kuwa karatasi. Mtihani uliandikwa. Insha iliandikwa. Kiingereza kikashika hatamu. Africa Theological Journal, jarida lililoanzishwa Makumira mwaka 1968, lilikuwa la Kiingereza, na ilibidi liwe hivyo ili lisomwe Ghana na Afrika Kusini. Hakuna wa kulaumiwa kwa hatua moja moja. Lakini jumla yake ni kwamba mwanafunzi alipimwa kwa yale yote ambayo babu yake hakuwa nayo, na hakupimwa kabisa kwa lile ambalo babu yake alikuwa bingwa.

Hali haikuwa ya Walutheri peke yao. Waseminari Wakatoliki walioondoka Kilema na Kibosho kwenda seminari kuu walisoma kwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa miaka ya 1962 hadi 1965. Huko pwani, wanachuoni wa Kiislamu walikuwa na mvutano wa aina yao kati ya Kiarabu cha kitabu na Kiswahili cha msikilizaji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliamua mwaka 1932 kutoa gazeti lake Al-Islah kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar akachapisha tafsiri yake kamili ya Kurani mwaka 1969. Kila dini iliyokuwa na chuo Afrika Mashariki ililazimika kujibu swali la lugha ya kunenea elimu.

Na bado Makumira hiyohiyo ilitoa mfano mzuri kuliko yote. Katika miaka ya 1960, mmisionari wa Kimarekani Howard Olson, aliyefundisha hapo, aliwahimiza wanafunzi walete nyimbo za kwao na kuzitungia maneno ya ibada. Mwaka 1966 mwanafunzi kutoka kwa Wahaya, Bernard Kyamanywa, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa lahani ya nyumbani kwake. Ni wimbo wa kuongoza na kuitikia, kama lilivyokuwa somo la mregho. Olson aliutafsiri kwa Kiingereza, na sasa unaimbwa Marekani, Ulaya na mahali pengine na watu ambao hawajui Bukoba iko wapi. Zoezi la chuo lililotokana na urithi wa mwanafunzi mmoja liliingia katika vitabu vya nyimbo vya dunia. Katika muziki, Makumira ilielewa. Katika kunena kitaaluma, bado.

Leo vyuo ni vingi. Makumira imekuwa chuo kikuu. Moshi ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, na kuna chuo kilichopewa jina la kumbukumbu ya Stefano Moshi. Mwanafunzi anayeingia humo amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza ambacho mara nyingi kilikuwa cha kunakili ubaoni. Anapangiwa somo la stadi za mawasiliano. Mifano ya somo hilo kwa kawaida inatoka kwenye vitabu vya Uingereza au Marekani: namna ya kumtazama msikilizaji machoni, namna ya kuanza na kichekesho, namna ya kumkatiza mwenzako kwa adabu na kumwambia hukubaliani naye. Kijana aliyelelewa kumtazama mkubwa kwa kuinamisha macho, na kuanza kauli yake kwa kuwatambua waliomtangulia, anaambiwa kwamba hajiamini.

Mtazame kijana huyohuyo mwezi Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, na ukoo unafanya kikao chake kihambani. Kuna mwenyekiti, kuna ajenda, kuna hesabu za michango, na mara nyingi kuna mgogoro wa mpaka wa shamba. Anainuka, anawasalimu wazee kwa ngazi zao, anajitambulisha kwa baba na babu, anataja jambo lililowakusanya, anaeleza alichokiona mwenyewe na kukitenga na alichosikia, anamtaja shahidi aliye hai, anapinga hoja ya baba mdogo kwa kumshukuru kwanza, kisha anaomba kikao kiamue. Huo ndio muundo wa wasilisho la semina: utambuzi wa waliotangulia katika mjadala, tatizo, ushahidi, hoja kinzani, pendekezo. Anaujua. Hakuna aliyemwambia kwamba anaujua.

Mwalimu wa stadi za mawasiliano akianzia hapo, kazi yake inabadilika. Haanzi tena na mtu mtupu. Anaweza kurekodi kikao cha ukoo kwa ridhaa ya wahusika na kukichambua darasani, kabla ya kugusa hotuba yoyote kutoka ng'ambo. Anaweza kuwapanga wanafunzi watatu watatu kwa mfano wa vikundi vya Old Moshi, kila kikundi kiwajibike kwa wasilisho la kila mmoja wao, ili mwenye lugha nzito asifedheheke peke yake. Anaweza kurudisha mtihani wa mdomo uwe na alama za kweli, si dakika kumi za kukamilisha utaratibu. Na Kiswahili kipewe nafasi yake: mada ijengwe na kupingwa kwa Kiswahili kwanza, hadi hoja isimame, ndipo ivushwe kwenda Kiingereza. Mwanafunzi anayepambana na hoja na lugha kwa wakati mmoja hushindwa vyote viwili, naye huhesabiwa kuwa hana akili.

Kosa la Gutmann liwe onyo hapa. Zana za namna hii zikitumika kumfungia kijana mlimani, atazikataa, na atakuwa na haki. Merinyo na wenzake walitaka kunena kwenye kila ukumbi. Mwanafunzi wa theolojia wa leo anaweza kujikuta mkutanoni Geneva, hospitalini KCMC kando ya kitanda cha mgonjwa, au mbele ya kamati ya bunge Dodoma akitetea msimamo wa kanisa lake. Anachostahili ni kwenda huko akiwa na namna ya kunena aliyoimiliki tayari, kisha aongezewe nyingine.

Wasomi wa hukuhuku wamekwisha kuanza kazi hiyo ya kupima. Martin Shao, aliyekuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini kabla ya Fredrick Shoo, aliandika utafiti wake wa kitaaluma juu ya njia za Gutmann na athari zake katika dayosisi hiyo. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyeongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia mwaka 1977, aliandika kuhusu kanisa na ukoo. Kilichobaki ni kuviteremsha vitabu hivyo kutoka kwenye rafu ya historia ya kanisa na kuviweka kwenye meza ya mwalimu wa mawasiliano, ambaye kwa kawaida hajaambiwa kwamba vinamhusu.

Juzuu tatu za Gutmann za mafundisho ya Wachagga zina Kichagga ndani yake. Mwanafunzi wa Kidia anaweza kuyasoma maneno hayo bila kujua Kijerumani hata kidogo, ingawa baadhi yatamshinda, na kwa hayo atahitaji kumuuliza bibi yake. Semina moja ya muhula inaweza kujengwa juu ya kurasa chache tu: yeye anasoma kifungu kwa sauti, mwenzake kutoka Mbeya anauliza na kubisha, wanakubaliana juu ya Kiswahili chake, na wiki inayofuata anasimama kukieleza na kukitetea kwa Kiingereza, mzee aliyealikwa akiwa ameketi mstari wa mbele na haki kamili ya kumsahihisha.